Arbia Shaki na Safu Zisizofika Mwisho

Garissa mtu ana majina mawili: la kitambulisho, linalojulikana na serikali, na la utani, linalojulikana na kila mbuzi wa mtaani. Kuna Yarrow Kiwete, ambaye mguu wake ulipona miaka kumi iliyopita na bado anaitwa Kiwete. Kuna Duale Masikio, ambaye hahitaji maelezo. Na katika mtaa wa Bula Iftin kuna Arbia Shaki, yaani Arbia wa mashaka, na jina hilo hakupewa bure.

Maziwa ya ngamia hayanunui mpaka atie tone kwenye ukucha wa kidole gumba aone kama litatiririka kama maji. Tikiti halibebi mpaka muuzaji alikate, na likishakatwa huuliza kwa nini limekatwa upande ule. Marehemu mumewe Hirsi, Mungu amrehemu, aliwahi kumletea hereni za dhahabu bila sikukuu wala ugomvi. Arbia alizipima mkononi, akamtazama usoni, akamwuliza, "Umefanya nini?" Yule bwana aliingia kaburini miaka kumi na miwili baadaye, bado hajatoa jibu la kumridhisha mkewe.

Usidhani lakini kwamba ni mwanamke mbaya. Amelea watoto watano kwa sindano mbili za kufumia. Watu wa bara hucheka wakisikia mtu anauza kofia za sufu Garissa, mji ambao jua lake la saa saba humfanya hata punda asimame akifikiri. Waache wacheke. Mama na mtoto hukaa ndani siku arubaini baada ya uzazi, na siku ya kutoka, ambayo huitwa afartan-bah, hakuna anayemtoa mtoto kichwa wazi. Kwa miaka thelathini nusu ya vichwa hivyo vilivalishwa kutoka kibanda cha Arbia kule soko la Suuq Mugdi.

Mshono wake ni mmoja tu, ule wa pleni. Pleni kwenda, geuza, pleni kurudi, mpaka kitambaa kinakuwa na matuta pande zote mbili, laini na chenye kuvutika. Alifundishwa darasa la sita, katika somo la sayansi kimu, na mwalimu aliyekuwa na rula na kauli moja: safu ikianza imalizike. Msichana aliyekatiza njiani alichapwa vidoleni, maana katikati ya safu ndipo vitanzi hudondoka. Kwa hiyo Arbia huanzisha vitanzi vyake, hufuma moja kwa moja, hushona ubavu, kisha hukusanya sehemu ya juu kwa uzi na kuikaza kama mdomo wa gunia. Kofia zote umbo moja. Kichwa cha mtoto ni kichwa cha mtoto, ndivyo alivyokuwa akisema, na hakuna aliyembishia, kwa sababu nani ana siku nzima ya kubishana na Arbia Shaki?

Mwaka juzi binti yake wa mwisho, Sabrin, alishikwa na uchungu mimba ikiwa ya miezi saba. Mume wake alikuwa Kutulo akisomesha, barabara imeharibika kwa mvua. Mtoto wa kike alizaliwa akiwa na kilo moja na robo, wakamlaza katika chumba cha njiti pale hospitalini. Muuguzi wa zamu alikuwa Sista Roda, Mpokomo wa ng'ambo ya mto Tana, mwanamke mnene mwenye sauti ndogo. Alimweleza bibi mambo bila kuyapamba.

"Nyanya, mtoto wa namna hii hana mafuta mwilini. Hawezi kujipasha joto mwenyewe, na joto lake linapotea kupitia kichwani. Likishuka ataacha kunyonya, na akiacha kunyonya tutampoteza. Kichwa kisikae wazi."

Arbia alirudi nyumbani, akatoa uzi wa kijani uliokuwa mwembamba kuliko wote, akapunguza vitanzi, na kabla ya alasiri kofia ilikuwa kichwani kwa mjukuu. Kesho yake asubuhi aliikuta pembeni ya mtoto. Kile kichwa, kidogo kama limau, kilikuwa wazi. Alimvisha tena. Siku ya pili yakawa yale yale, na ya tatu.

Mtu mwingine angesema kofia imeteleza. Arbia alisema kofia haina miguu. Kama imetoka, kuna mkono ulioitoa, na mkono una mwenyewe.

Akaanza kuchunguza. Alikaa kwenye kigoda kando ya kitanda cha Sabrin, tasbihi mkononi, midomo ikicheza kama mtu aliye katika dhikri, kumbe macho yanazunguka chumba. Kulikuwa na akina mama sita. Wanne aliwajua ukoo na nyumba. Wa tano alikuwa binti yake. Wa sita alikuwa Muslimo, aliyeletwa kwa rufaa kutoka kambi ya wakimbizi ya Dagahaley na mwanawe njiti, akawekwa kitanda cha jirani. Mwembamba, amejitanda garbasaar, ule mtandio mpana wa Kisomali, ya zambarau iliyopauka, hana wageni, hana maneno, na usiku, kwa maelezo ya Sabrin, halali.

Arbia alikusanya ushahidi. Kwanza, yule mwanamke alimtazama sana mtoto wa Sabrin, na Arbia hakuwahi kumsikia akisema mashallah. Jicho la namna hiyo linajulikana. Pili, mtoto wake mwenyewe alivaa kofia ya kahawia iliyokumbatia kichwa kama ganda la yai, haitoki mchana wala usiku. Kwa nini ya huyu itoke na ya yule ibaki? Tatu, na hili ndilo lililomnyima Arbia usingizi, Muslimo alikuwa anafuma.

Alifuma kwa spoki mbili za baiskeli zilizonolewa kwenye jiwe. Mshono ulikuwa pleni, kama wa Arbia, lakini safu zake hazifiki mwisho. Alifuma mpaka vikabaki vitanzi vinne, akasimama, akaupitisha uzi mbele, akafanya kitu kidogo cha haraka kwa ncha ya spoki, akageuza kazi na kurudi alikotoka. Vile vinne viliachwa vinangoja. Safu iliyofuata akaacha vinane. Iliyofuata kumi na viwili. Safu zilizidi kuwa fupi, mpaka akawa anakwenda na kurudi mahali padogo kama mtu anayefagia kona moja ya nyumba. Arbia alivihisi vidole vyake mwenyewe vikiwaka. Mtu asiyemaliza safu, aliwaza, atamaliza nini? Na anayefuma kwa kukatiza, karibu na mtoto ambaye uhai wake wenyewe umeanza kabla ya wakati, ana nia gani?

"Hooyo, mwache mwenzio," Sabrin alimnong'oneza mama yake. "Ni mtu mzuri tu."

"Mimi nimesema kitu?" Arbia alijibu. "Mimi nasoma tasbihi."

Asubuhi ya tano kofia ya kijani haikuwa pembeni ya mtoto. Haikuwapo kabisa. Sabrin alikuwa ameenda kuoga, na mtoto alikuwa amefungwa kichwa kwa kipande cha leso. Arbia alipoingia, mkono wa Muslimo ulitembea haraka chini ya garbasaar, na kitu cha kijani kikafichika.

"Una nini hapo?" Arbia aliuliza.

"Kazi tu, eeddo," Muslimo alijibu, akimwita shangazi kwa heshima.

"Itoe niione hiyo kazi."

Muslimo alitazama mlangoni, alikokuwa Sista Roda, kama mtu anayengoja kutetewa. Arbia aliliona lile tazamo akaliweka akiba. Kisha kile kitu kikatoka: nusu ya kitambaa cha kijani kikining'inia kwenye spoki, na kando yake uzi uliojikunjakunja kama tambi. Uzi mpya hunyooka. Uliojikunja ni uzi uliofumuliwa, na Arbia hakuhitaji kuambiwa umefumuliwa kutoka wapi.

Akaita kwa Kiswahili chake cha sokoni, wote wasikie.

"Sista, kuja haba. Huyu mama naiba kofia ya mtoto. Mimi naona na macho yangu."

"Mama Arbia, ngoja kwanza nikueleze."

"Nini ya kueleza? Kofia ya mtoto iko wabi? Si hii? Ona, amefunja yote."

Sista Roda alirudi nyuma hatua moja. Muslimo hakulia wala hakupiga kelele. Alisema maneno matatu tu, kwa Kisomali, akimtazama Arbia machoni: "Mimi si mwizi." Arbia alizichomoa spoki, akazitupa kitandani, akaushika ule uzi na kuuvuta. Ile kazi ilifumuka safu kwa safu mbele ya akina mama wote, safu fupi, safu ndefu, safu fupi, mpaka haikubaki kitu. Akazungusha uzi wake kuwa donge, akautia mkobani, akamfunga mjukuu kitambaa chake mwenyewe, akakikaza vizuri kwa mikono yake. Siku hiyo alikwenda nyumbani akiwa na furaha, na alilala kama mtu aliyeshinda kesi.

Kesho yake alimkuta Sabrin amekaa kifua wazi chini ya mablanketi mawili, mtoto amebandikwa ngozi kwa ngozi, macho ya binti mekundu. Alfajiri joto la mtoto lilikuwa limeshuka hadi thelathini na tano. Hakuwa amenyonya tangu saa tisa usiku. Kitambaa cha Arbia kilikutwa miguuni pa mtoto.

Arbia aligeuka kumtafuta mwenye mkono. Kitanda cha jirani kilikuwa kitupu. Muslimo alikuwa ameomba kuhamishwa jana ile ile, akalala upande wa pili wa chumba, nyuma ya kabati la dawa, na hakuvuka tena upande huu. Kila mtu alithibitisha. Arbia alisimama katikati ya chumba bila hata mtu mmoja wa kumshuku, na hali hiyo hakuwa ameizoea.

Sista Roda alimshika kiwiko akamtoa nje hadi ukumbini.

"Nyanya, leo utanisikiliza. Ni mimi niliyempa Muslimo ile kofia. Kofia yako inateleza. Imekaa kama mfuko, na kichwa cha mtoto ni mviringo. Akijigeuza kidogo tu inatoka. Kitambaa ndio kabisa. Niliona ya mtoto wa Muslimo haitoki, nikamwomba amfumie na huyu."

"Kwa nini asitumie uzi mwingine? Kwa nini afumue yangu?"

"Hiyo nilimwuliza hata mimi. Alisema hawezi kumwaibisha mama mzee mbele ya binti yake. Alitaka kutumia uzi ule ule, uje uikute kichwani, udhani ni ile ile ya kwako."

"Na wewe hukuniambia."

"Niliogopa," Sista Roda alisema. "Ukiambiwa kofia haifai, utauliza nani ametutuma."

Arbia alikuwa tayari amefungua mdomo kuuliza nani amemtuma. Akaufunga. Majuto ni mjukuu, walisema wa kale, na ya Arbia yalikuwa mle chumbani, kilo moja na robo, hayajanyonya tangu saa tisa. Alijionea aibu, akautoa ule uzi wa kijani mkobani.

Alirudi ndani, akavuka chumba kizima mbele ya macho ya wale wale waliomwona jana. Alimkuta Muslimo anamkamulia mwanawe maziwa kwenye kikombe. Neno la samahani lilikuwa limefika kooni, likakataa kutoka. Likatoka jingine.

"Nimeleta uzi. Mfumie."

Muslimo hakuinua uso. "Siugusi uzi wako tena, eeddo. Mtoto akikohoa kesho, utasema ni mkono wangu." Alimaliza kukamua, akafunika kikombe, akachukua zile spoki mbili na kumnyooshea. "Fuma mwenyewe. Mimi nitasema tu."

Spoki zilikuwa nyembamba kiasi kwamba Arbia alihisi hajashika kitu. Akaanzisha vitanzi ishirini na vinne, kama alivyoambiwa, akafuma safu nzima kwenda na safu nzima kurudi. Hapo hapakuwa na ubishi.

"Sasa fuma, viache vinne," Muslimo alisema. "Simama. Uzi mbele. Hamisha kitanzi. Uzi nyuma, kirudishe. Geuza."

"Safu haijaisha."

"Geuza, eeddo."

Mkono ulikataa. Rula ya darasa la sita ilikuwa imeukaa miaka arubaini na kitu. Na si rula peke yake. Nyuma yake kulikuwa na sauti ya Arbia mwenyewe: huyu umemtukana jana mbele ya watu, kwa nini leo akufundishe kweli? Labda anakufundisha vibaya makusudi. Wewe ungefanya nini? Arbia alijua vizuri angefanya nini. Akavifuma vile vinne mpaka mwisho.

Muslimo aliangalia, akamwonyesha kwa kidole afumue. Arbia alifumua. Mara ya pili alifika pale pale, na mara ya pili mkono ukampita ukaenda mpaka mwisho. Akafumua tena. Upande wa pili wa chumba mtoto alitoa kilio kidogo, chembamba, cha kiumbe asiye na nguvu za kulia.

"Hooyo," Sabrin aliita kutoka kule kitandani, "mwamini tu."

Arbia aligeuza.

Ilimchukua nusu saa kuacha kuvitazama vile vitanzi vilivyoachwa. Alidhani vitadondoka. Havikudondoka. Alidhani pale alipogeukia pataacha tundu. Uzi ulizama kati ya matuta ya pleni asiupate hata kwa ukucha. Safu zilifupika, zikafupika, kisha Muslimo akasema, "Sasa nenda mpaka mwisho, vichukue vyote," na vyote vikachukuliwa. Alipoinua kazi aliona ukingo wa chini una safu nyingi na wa juu una safu chache, na kitambaa kimejipinda kama kipande cha tikiti. Hakuna aliyekikata wala kukishona. Kilijipinda chenyewe kwa sababu ya zile safu zisizofika mwisho. Akafuma kipande cha pili bila kuambiwa, akaambiwa cha tatu alipokosea, na kilipofika cha sita kitambaa kilikuwa kimejizungusha kikarudi kukutana na mwanzo wake. Akashona hapo tu.

Kabla ya alasiri walimvisha mtoto. Arbia aliivuta ile kofia mbele, akaivuta nyuma, akaisukuma kwa kidole pembeni. Haikutikisika.

"Nani alikufundisha?" aliuliza, bila kumtazama.

"Hakuna. Kambini zililetwa kofia za msaada, siku ya mgao. Ya mtoto wangu wa kwanza. Yule mtoto hakuishi, kofia ikabaki." Muslimo alikuwa anamfunika mwanawe. "Niliifumua siku mbili, safu moja moja, nione imefanywa vipi. Kisha nikaifuma tena. Ndiyo hii ya huyu."

Arbia aliitazama ile kofia ya kahawia. Samahani ilipanda tena, na safari hii ilifika mpaka kwenye meno. Kesho, alijiambia. Nitakuja mapema na maziwa ya ngamia, tukae, niseme kama mtu.

Kesho yake alikuja mapema na maziwa aliyoyapima ukuchani mara mbili. Joto la mtoto lilikuwa thelathini na sita na nusu, kofia kichwani, na alikuwa amenyonya mara tatu. Nyuma ya kabati la dawa kitanda kilikuwa kimetandikwa shuka jipya. Jambo la kwanza Arbia alilofanya, Mungu amsamehe, ni kuangalia kama mkoba wa Sabrin upo.

Mkoba ulikuwapo. "Mwanawe amefikisha uzito," Sabrin alisema. "Gari la kambini limewachukua baada ya fajri. Amekuachia hizi. Amesema sindano zako ni nene mno kwa njiti."

Zilikuwa zile spoki mbili, zimefungwa kwa uzi wa kijani uliobaki. Arbia alizigeuza mkononi. Mtu maskini anatoa vyombo vyake vya kazi kwa aliyemwita mwizi? Lile swali lake la zamani likamjia mdomoni, umefanya nini, na hapakuwa na wa kulijibu. Alikaa kwenye kigoda akalia, na Sabrin, ambaye hakuwa amemwona mama yake akilia tangu mazishi ya Hirsi, alijifanya anamnyonyesha mtoto.

Siku hizi mjukuu anatembea na kuangusha vikombe. Arbia alituma kofia mbili za saizi kubwa Dagahaley kwa mkono wa Kulow, dereva wa lori la maji. Jibu halijarudi. Arbia anaamini Kulow aliwapa wajukuu zake mwenyewe, na humwambia hivyo kila wakikutana. Samahani yake bado anayo.

Kila Jumanne huenda chumba cha njiti na uzi wake. Wiki jana kulikuwa na mama mgeni kutoka Liboi, msichana wa miaka ishirini hivi, macho makali. Arbia alikaa karibu naye akaanza kofia. Vilipobaki vitanzi vinne, akageuza. Akageuza tena kwenye vinane. Akahisi anatazamwa. Yule msichana alikuwa amemvuta mtoto wake kifuani, anaitazama ile kazi, kisha mikono ya Arbia, kisha mkoba wa Arbia.

"Mbona humalizi safu, eeddo?" aliuliza. "Na mbona unamtazama sana mtoto wangu?"

"Mashallah," Arbia alisema haraka, maana alikuwa amesahau.

Lile tazamo alilijua kama anavyojua uso wake kwenye kioo. Lilimchoma kweli. Mimi si mwizi, alitaka kusema, na maneno hayo yalimjia kwa sauti ya mtu mwingine. Hakuyasema. Alisogeza kigoda mbali kidogo na mtoto, akafumua alichokuwa amekifuma, akamnyooshea msichana zile spoki mbili na donge la uzi.

"Fuma mwenyewe," alisema. "Mimi nitasema tu."

Msichana alijaribu ncha ya spoki kwa kidole gumba, akaunusa uzi, akamtazama Arbia tena. Kisha akaanza kuhesabu vitanzi.